Mkienda Cinque Terre kwa grupu msimu wa mvua, haya myamalize kabla ya kuondoka

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi naona vikundi vinapanga, kina mama wa chama, watu wa kanisa, ndugu waliotoka Dar au Nairobi kuja kusalimia wenzao huku Italia kaskazini, wote wanataka Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya mkoa wa Liguria, maana hoteli zimeshuka bei na ule msongamano wa Agosti umeisha. Nendeni jamani, pazuri hata kukiwa na mawingu. Ila mvua ya pwani ya Liguria miezi hiyo sio ya kujibanza barazani dakika kumi halafu mnaendelea. Bahari bado ina joto la kiangazi, upepo wa kusini unabeba unyevu wote ule, na milima imesimama palepale ufukweni, kwa hiyo mawingu yakifika hapo yanakwama na kumwaga sehemu moja masaa mengi. Tarehe 25 Oktoba 2011 mji mdogo wa Brugnato, nyuma kidogo ya vijiji hivyo, ulipata zaidi ya milimita 500 za mvua kwa siku moja, na siku hiyohiyo Vernazza na Monterosso, viwili kati ya vijiji hivyo, vikafukiwa na tope na mawe, watu wakafa. Ukitembea barabara kuu ya Vernazza unakula zako aiskrimu hujui kama chini ya miguu yako kuna kijito kilichofunikwa, na maji yakizidi yanapita hapohapo kati ya maduka kwenda baharini, hayana njia nyingine.

Ndo maana kabla ya kuongelea makoti na raba, grupu likubaliane nani ana neno la mwisho la kusema leo hatuendi. Mtu mmoja, sio kamati. Watu ishirini wakiwa wameshalipa, kuna aliyechukua ruhusa kazini, kuna aliyetoka mbali hatarudi tena, mkianza kupiga kura asubuhi pale stesheni ya La Spezia, mji wa kupandia treni za kwenda vijijini, watasema twendeni tu mvua itaisha, nami nawaelewa, hela inauma. Lakini maamuzi yafanyike kwa rangi ya tahadhari, isiwe kwa hisia. Mkoa wa Liguria unatoa tahadhari ya hali ya hewa kwa rangi: gialla ni njano, arancione ni rangi ya machungwa, rossa ni nyekundu, na mkoa umegawanywa kwa kanda za herufi, Cinque Terre iko kanda C. Ikiwa njano mnaweza kwenda kwa treni mkazunguka vijijini, ila njia za miguu zinaweza kufungwa kwa hiyo msizitegemee. Ikifika machungwa njia zinafungwa, basi ahirisheni. Nyekundu hata usifungue mjadala, kaeni hotelini. Kiongozi aangalie jioni ya kuamkia safari, atume ujumbe kwenye WhatsApp ya grupu kabla watu hawajalala, na mliyokubaliana yawe yameandikwa humo toka mwezi uliopita ili shemeji asije akasema hakuambiwa.

Viatu sasa. Njia ya kutoka kijiji kimoja kwenda kingine ni ya mawe, nyembamba, upande mmoja ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wa mashamba ya mizabibu, upande wa pili genge, na yale mawe yakilowa yanateleza kama kigae cha bafuni. Ndala na sendo hazifai, mwaka 2019 hifadhi ya taifa ya Cinque Terre ilitangaza hata faini kwa wanaoingia njiani na viatu vya namna hiyo, kuanzia euro 50. Viatu vyenye soli ya meno, sio vipya kabisa, na soksi za akiba kwenye mfuko wa nailoni. Mwavuli mwachieni mjini, upepo wa pale unaupindua na njia haina upana wa kupishana watu wawili wenye miavuli. Koti la mvua lenye kofia linatosha. Pasipoti, simu na dawa viwe ndani ya mfuko usiopitisha maji halafu ndo ndani ya begi, maana begi lenyewe litalowa tu.

Halafu wazee wetu. Mama zetu hawasemi kama goti linauma, atakwambia niko sawa mwanangu, na anapanda. Sasa kijiji cha Corniglia hakipo ufukweni kama wenzake, kiko juu ya mwamba kama mita 100 toka baharini, ukishuka treni kuna ngazi 382 zinazopanda kwa kupinda pinda hadi kijijini, na zikiwa zimelowa ni ndefu zaidi ya vile unavozihesabu. Kuna kibasi kidogo toka stesheni, ulizeni ratiba yake mapema, au iacheni tu Corniglia kama mna wazee watatu wanne. Vijiji vya Manarola na Riomaggiore ni nafuu, toka stesheni unapita kwenye handaki la watembea kwa miguu unatokea kijijini, na hapo pia mnapata pa kusimama pakavu mkihesabiana.

Tegemeeni treni, boti ichukulieni kama bahati. Boti zinafanya kazi kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu hadi mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja hivi, na bahari ikichafuka hazitoki hata kama juu kweupe, na Corniglia hazitii nanga kabisa. Treni zinaunganisha La Spezia, vijiji vyote vitano na Levanto, kijiji hadi kijiji ni dakika chache tu, ila majira ya baridi zinapungua, kwa hiyo angalieni ratiba ya siku yenyewe. Angalieni pia kama kuna mgomo, huku wanatangaza mapema, na siku za kazi treni za mikoani zinahakikishwa saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, katikati hapo mnaweza kukwama.

Kwa wanaokuja na viza ya Schengen, ile bima ya euro 30,000 mliyoonyesha ubalozini ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani, usidhani itarudisha hela ya hoteli mvua ikivuruga. Kama mnataka hilo, soma bima upya ukate nyingine, na chagueni hoteli inayokubali kufuta bila makato.

Muwe na pa kwenda siku ikiharibika. Mimi napendekeza Aquarium ya mji wa Genova, yaani nyumba ya maonyesho ya samaki, ipo tangu 1992, kubwa, watoto wanaipenda, na treni toka La Spezia inafika. Lakini angalieni kwanza rangi ya Genova nayo, mafuriko ya 2011 na 2014 yaliupiga mji huo vibaya. Chakula hakisumbui, hata kwa Waislamu kwenye grupu: farinata ni unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, inatoka motomoto kwenye oveni, kwa watu waliolowa ni dawa.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, baada ya hapo giza linaingia mapema, saa kumi na moja na kitu jua limezama. Pangeni mtu wa mwisho awe ameshatoka njia ya miguu saa tisa, simu ziwe na chaji, pawabenki moja kwa kila watu watano, na namba ya dharura 112 kila mmoja aijue kichwani.