Ifundishe droni kusema ina shaka kiasi gani

Droni yangu hupima mafuriko ya mto Msimbazi, Dar es Salaam. Kamera yake ya chini hukadiria mwendo kwa kufuatilia alama za ardhini zinavyohama kati ya picha na picha. Juu ya lami, safi. Juu ya maji ya tope yanayokimbia pale Jangwani, alama zenyewe zinakimbia, na droni iliyotulia hujiona inasafiri. Kariakoo nako maghorofa huakisi mawimbi ya setilaiti, GPS ikahama mita kadhaa bila onyo.

Kwa hiyo modeli yako, yaani programu inayojifunza kukadiria mwendo kutoka kwenye picha, itoe majibu mawili: mwendo, na varianzi, yaani ukubwa wa shaka. Wakati wa mafunzo, iadhibu vikali inapokosea huku ikijiamini. Iadhibu pia inapotaja shaka kubwa pasipo sababu. Varianzi hiyo itume kwa ujumbe wa ODOMETRY wa MAVLink (lugha ya mawasiliano ya droni) hadi kwenye kichujio cha Kalman cha PX4, programu inayoendesha droni; kichujio hicho huchanganya vipimo vya vihisi vyote kulingana na shaka ya kila kimoja. Hakikisha kigezo cha PX4 kiitwacho EKF2_EV_NOISE_MD ni 0, la sivyo kichujio kitatumia kiwango chake kisichobadilika na kazi yako yote itapotea. Shaka ikipanda, kichujio hupunguza papo hapo kuitegemea kamera.

Ila shaka ya modeli moja haitoshi, na hapa nakusihi usipite haraka. Modeli hiyo inajua ukungu wa picha ilizofunzwa. Haijui kwamba mafuriko haijawahi kuyaona. Funza modeli tano, kila moja ianze na namba zake za nasibu. Zikipingana juu ya picha moja, hiyo ni mandhari ngeni: tofauti yao ijumlishe kwenye varianzi.

Data igawe kwa mitaa, si kwa picha. Picha mbili zinazofuatana ni karibu picha ileile. Ukizitawanya pande zote mbili, ya mafunzo na ya mtihani, majaribio yatakusifu bure. Mimi hufunza kwa Tandale na Kigogo, hurekebisha kwa Mbezi, na Jangwani huiacha kwa mtihani. Majibu sahihi ya kulinganishia hutoka kwenye RTK, GPS iliyosahihishwa kwa kituo cha ardhini, yenye usahihi wa sentimita. Modeli ikitaja mipaka ya asilimia 95, vipimo kama 95 kati ya 100 viangukie ndani. Vikiwa 70, inajiamini mno. Kuza varianzi zake zote kwa kizidisho kimoja.

Kisha ingia kwenye simulesheni ya Gazebo, programu ya kuigiza safari za droni kwenye kompyuta: zima GPS, ongeza upepo wa kusi, tazama shaka ya mahali inavyokua. Mimi huikatiza safari shaka hiyo ikifika mita 5. Kuruka kwenyewe kusubiri kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.