Letusi nyumbani kwenye joto la Uganda, na jinsi ya kuiwahi kabla haijawa chungu

Watu wengi wakisikia letusi wanafikiria chakula cha hoteli za Kampala, au kitu cha kulimwa Kabale tu. Watu wa Kabale ni kweli wana bahati yao, wako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na jioni wanavaa sweta. Ila hata sisi wa Arua, wa Gulu, wa Jinja, na nyinyi wa Kampala wenye kiuwanja cha kutandika mkeka mmoja tu, inawezekana kabisa, mradi ukubali kitu kimoja kwanza: kwa joto hili achana na ile inayofunga kama kabichi. Panda ya majani, uivune ikiwa bado changa, upande tena. Basi.

Nasema hivyo kwa sababu dukani ukiomba tu mbegu ya letusi mara nyingi utapewa Great Lakes, ndo imezoeleka, na hiyo ni ya kufunga kichwa, inataka kama miezi miwili na nusu hivi na hali ya ubaridi, sasa huku kabla haijafunga jua limeshaikoroga. Uliza Grand Rapids, Black Seeded Simpson, Salad Bowl au Lollo Rossa ile ya rangi nyekundu, hizo unaanza kuchuma majani hata kabla ya siku 50. Kama unapenda ya majani marefu yaliyosimama, Parris Island Cos nayo inajitahidi. Wa Kampala zungukeni maduka ya pembejeo ya Container Village, na angalia tarehe kwenye pakiti, mbegu ya letusi iliyokaa juani dirishani mwa duka haina kazi.

Sasa mbegu, hapa ndo watu wengi wanakwama na wanasema wameuziwa mbegu mbovu. Mbegu ya letusi ikikuta udongo wa moto inagoma. Aina nyingi zinaota vizuri kwenye nyuzi 15 mpaka 20 hivi, ukipita 27 zinaanza kusuasua, ukifika 30 na kuendelea zinalala tu ardhini na we unamwagilia udongo mtupu. Dawa yake ni kuziamsha kwenye ubaridi: chukua tishu, loanisha, kamua ibaki na unyevu tu, tawanya mbegu humo, kunja, tia kwenye kikopo chenye kifuniko uweke ndani ya friji siku moja au mbili, sio kule kwenye barafu, huku chini kwenye nyanya. Huna friji? Weka kikopo chako pembeni ya mtungi wa maji ndani ya nyumba, na usie jioni jua likishazama ili mbegu inywe maji usiku kukiwa na kaubaridi.

Wakati wa kusia usizifukie. Zinataka mwanga ili ziote, na vile ni ndogo ukiziweka kina cha mahindi hutaziona tena. Mi nachanganya na mchanga mkavu kidogo ili zisimwagike zote sehemu moja, naziachia juu ya udongo laini kwenye trei au beseni lililotobolewa chini, afu nabonyeza kwa kiganja mpaka zishikane na udongo, vumbi la udongo juu kidogo sana au hata bila. Maji nyunyizia kwa chupa ya soda yenye kifuniko kilichotobolewa na msumari, ukimwaga kwa jagi umezisomba. Beseni likae kivulini penye mwanga. Siku 4 mpaka 7 utaona vijani viwili viwili. Zikisongamana punguza mapema, na usiloweke udongo kila saa, la sivyo kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, kinaingia, unaamka asubuhi unakuta miche imelala yote, shingo imekuwa nyembamba ka uzi.

Wiki ya tatu au ya nne mche ukiwa na majani manne hivi hamisha, jioni, na ule moyo wa katikati ubaki juu ya udongo usiufukie. Sentimita 20 mpaka 25 kati ya mche na mche inatosha.

Mahali pa kupanda ni muhimu kuliko mbolea. Unataka jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita, yani upande wa mashariki wa nyumba, ambapo ukuta wenyewe unakukinga jua la mchana, au pembeni ya migomba. Kama kiwanja chote kiko wazi simamisha vijiti vinne utandaze neti ya kivuli au majani ya mgomba juu. Gunia jeupe la sukari au jerikani la njano lililokatwa ni vizuri, ila mifuko myeusi na matairi hapana, vinapata moto na mizizi ya letusi iko juu juu tu, inapikwa. Udongo changanya na mboji au samadi ya kuku iliyooza kabisa. Ile mbichi inaunguza miche. Juu funika na maganda ya karanga au majani makavu ya migomba, udongo ukae na ubaridi, ila huku kwetu chunguza mchwa maana wanapenda hayo matandazo kuliko sisi.

Mwagilia asubuhi mapema, na kiangazi cha Disemba mpaka Machi ongeza jioni. Ukitumia paipu iliyolala juani acha maji ya kwanza yatoke pembeni, yale ni ya chai. Na maji ya mtaro usithubutu hata kama jirani anamwagilia nayo dodo zake, yani mchicha, dodo inapikwa, letusi unaila mbichi.

Adui namba moja ni kuku, hakuna mdudu anayemfikia, zungushia neti au miba. Konokono watoe usiku na tochi. Ukikuta mche umekatwa chini kama kwa wembe fukua pale pale, sota, yule kiwavi mkata miche, amejikunja hapo, mponde. Vidukari wanajificha chini ya majani, maji ya sabuni kidogo yanawatosha. Madawa makali ya dukani mi siyashauri kwenye jani la kula mbichi wiki hiyo hiyo.

Kuvuna, chuma majani ya nje asubuhi kabla jua halijakolea, acha moyo uendelee kutoa mengine. Kila siku angalia katikati. Ukiona shina linaanza kurefuka na majani mapya yanakuja membamba yamechongoka, vunja moja, litatoa utomvu mweupe mwingi, lamba, ni chungu. Huo mmea unaenda kutoa maua na hakuna cha kuurudisha, ng'oa wape sungura. Ndo maana kila wiki mbili au tatu unasia nyingine kidogo, usimwage pakiti nzima siku moja halafu ule letusi wiki mbili na kukaa miezi bila.

Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na kama yamelegea yaloweke kwenye maji baridi robo saa yatasimama. Ndani ya roleksi, ile chapati inayoviringishwa na mayai, badala ya kabichi, jaribu. Mbegu zilizobaki funga pakiti vizuri uweke kwenye chupa kavu ndani ya friji, sio juu ya kabati la jikoni.