Somo: Kulinda mto wenu, miche ije mwisho

Watu wakisikia kulinda mto wanakimbilia miche, wanapanda, wanapiga picha, kiangazi kikifika ng'ombe wamemaliza. Mfano wangu ni mto Njoro, unatoka huko juu Mau unaingia Ziwa Nakuru, lakini hata kijito cha Kakamega ni hivyo hivyo.

1. Tembeeni mto, wa juu na wa chini pamoja. Bebeni chupa safi, choteni maji kila mahali kijito kinaingia ama ng'ombe wanakunywa, andikeni jina la mahali kwa chupa, zikae mezani mpaka kesho. Tope likishatulia chini kila mtu anaona lilikotoka, na zile kelele za "ni wale wa juu" zinapungua, maana mara nyingi ni njia ya ng'ombe tu ama barabara ya maramu.

2. Jisajilini kama chama cha watumiaji maji, WRUA, Sheria ya Maji ya 2016 inawatambua. Ofisi ya WRA, ile mamlaka ya serikali ya rasilimali za maji, itawaelekeza. Bila hiyo mtabaki kikundi cha WhatsApp.

3. Pimeni kingo. Kanuni za maji za 2007 zilisema muache bila kulima angalau mita 6 kila upande, ama upana wa mto wenyewe, isizidi 30. Chifu awepo, na mwenye shamba ashike kamba mwenyewe, ukimpimia akiwa hayuko umezua vita.

4. Jengeni birika la mifugo mbali na maji. Ndio sasa miche, mvua ya Aprili: mkuyu, mwanzi, nepia kwa mteremko.

MASWALI

Taito yangu inafika mpaka majini, mtanifukuza?
Hapana, shamba ni lako. Kinachokatazwa hapo kando ni kulima na kujenga. Nyasi kata upelekee ng'ombe.

Niko na blugamu nyingi mtoni, nikate zote?
Usikate mara moja, ukingo utaporomoka. Panda za kienyeji katikati kwanza, kata kidogo kidogo, visiki viache ardhini ila machipukizi uyatoe kila yakitokea, hizo ni kaidi sana.

Sisi wa Ahero tunafurika kila mvua, hizi hatua zitatusaidia?
Mkiwa peke yenu, kidogo tu. Tope la mto Nyando linateremka kutoka Nandi na Kericho, kwa hivyo anzeni na nauli ya kupanda huko juu mkaongee nao, na chupa zenu mkononi.