Usitoe salio kabla hujamwagia dirisha maji

Mimi ni fundi wa aluminiamu hapa Dar es Salaam, na wenzangu watanisamehe kwa haya. Umeng'oa madirisha ya mbao, umewekewa ya aluminiamu, fundi anakuambia, "Bosi, kazi imeisha." Salio lisitoke kwanza. Nenda ukague asubuhi au jioni, jua likiwa limeinama. Mwanga wa ubavuni huonyesha lipu isiyonyooka.

Pima fremu kona kwa kona, kwa mshazari, halafu pima kona zile nyingine. Kwa dirisha la futi nne kwa tano, vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3 hivi, fremu imekaa upande na vioo vitakuja kukwama.

Sasa silikoni, ile gundi ya kuzibia kati ya fremu na ukuta, maana humo ndimo tunamofichia maovu. Fremu ya mbao ikitoka, hubomoka na ukingo wa ukuta. Pengo hilo lijazwe saruji, lipigwe lipu, likauke, ibaki nafasi ya milimita 5 hadi 10 ya silikoni. Fundi mvivu hukunja karatasi ya mfuko wa saruji, akaisokomeza, akapitisha silikoni juu, ikang'aa kweli kweli. Subiri siku mbili, kisha bonyeza kwa dole gumba. Ikibonyea kama andazi, nyuma hakuna kitu. Inua ncha kwa ukucha: ikibanduka kama plasta ya kidonda, ina vumbi jeupe mgongoni, basi ukuta haukufutwa. Na ile inayonuka siki haielewani na saruji. Kwa ukutani dai isiyo na harufu hiyo. Rangi nayo itangulie, kwa kuwa haishiki juu ya silikoni.

Chungulia matundu madogo ya kutolea maji kwenye reli ya chini, upande wa nje, yawe wazi. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi niliyaziba, nikidhani nazuia mvua. Masika ilipoingia, reli ilijaa, maji yakamwagikia kitandani kwa mteja. Godoro nililipa mimi.

Mwisho vuta mpira wa maji. Anza kumwagia chini, dakika tano, ndipo upande juu. Ukianzia juu yanachuruzika kote na hutajua yalipoingilia. Mtu akae ndani na karatasi ya chooni, aigusishe pembeni mwa fremu. Ikilowa, pachore penseli hapo hapo, umwite fundi aje ashike mwenyewe.