Somo: Lenzi za kitazamio cha slaidi za stereo (mnisome, msinipigie)

Wakuu, simu ni ile ile kila wiki: "Zile lenzi ulizitoa wapi?" Naandika mara moja, basi. (Slaidi za stereo ni picha mbili za kitu kimoja, moja kwa kila jicho; kwenye kitazamio zinaungana na kuonesha kina.)

1. Nenda kwa fundi miwani, agiza lenzi nne za plasi kumi za aina moja (plasi ni nguvu ya lenzi: 1000 ÷ plasi ndio urefu wa fokasi kwa mm). Kila jicho mbili.

2. Zipime. Simama ukutani mkabala na dirisha, sogeza lenzi mpaka mnazi wa nje uonekane ukutani kichwa chini. Kutoka lenzi hadi ukuta ni kama sentimita 10. Usipime kwa jua mezani. Kitambaa chetu cha meza kina tundu, na mke wangu hajalisahau.

3. Tafuta kitovu cha lenzi KABLA ya kukata. Hapa ndipo nilipoumia. Nilitumia za miwani kuukuu, nikamwambia fundi akate duara za mm 38; akakata pale pasipo na mikwaruzo. Kuweka slaidi ya Ferry, naona pantoni mbili, moja imempandia mwenzake mgongoni. Nikakaza macho, nikalala na panadoli. Kumbe kitovu hakikuwa katikati. Lenzi zikiwa mbili umepata plasi 20, na kila milimita 1 ya kukosea inapindisha mwanga sentimita 2 kwa kila mita. Macho huvumilia kidogo kulia na kushoto. Juu na chini hayakubali.

Chora msalaba kwenye karatasi, shika lenzi juu yake. Mistari ya ndani ya lenzi itakatika na ya nje. Sogeza taratibu mpaka iungane yote minne, tia nukta. Ndiyo kitovu. Rudia kwa zote nne, halafu ndipo ukate.

4. Ziweke mbili mbili, migongo iliyobinuka ikitazamana. Usitumie supaglu: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo.

5. Kitovu hadi kitovu, mm 63 inawafaa wengi, ila pima macho yako. Slaidi ikae kama mm 50 nyuma.

6. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa.

MASWALI

– Mkuu, bei gani mpaka Mbagala?
– Siuzi.

– Nimefuata kila kitu, bado naona picha mbili.
– Hatua ya 3?
– Nilikadiria.
– Haya.

– Kaka, nina kamera ya Stereo Realist ya marehemu babu. Mbona watu kwenye slaidi zake wanaonekana wamevutwa kwenda ndani?
– Umeona vizuri, dada. Kamera hiyo ilipiga kwa lenzi za mm 35, wewe unatazama kwa mm 50. Lenzi ya kutazamia ikiizidi ya kupigia, kina kinarefuka. Plasi 14 mbili zitakupa karibu mm 36, ila pembeni utaona pindo za bluu na machungwa. Dawa yake ni lenzi ya vioo viwili vya aina tofauti vilivyogandishwa, kama ya mbele ya darubini. Ukipata za mm 80, mbili zikiachana mm 10, piga 80 × 80 ÷ (80 + 80 − 10): unapata kama mm 43. Ukifanikiwa, tuoneshe.

– Nje ya mada kidogo: slaidi zangu zina madoa kama utando wa buibui.
– Kuvu hiyo, unyevu wa Dar. Usifute kwa maji. Zitie kwenye kopo la kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya boksi la viatu.
– Vikilowa je?
– Mimina chembe kwenye sufuria kavu, moto mdogo. Sufuria isiyo ya kupikia.