Kuchagua mazabodi ya kompyuta ya gemu hapa Lubumbashi

Mdogo mmoja wa Kamalondo aliniletea mazabodi yenye taa za kila rangi, akaniuliza: «Yaya, na hii gemu zitaenda vizuri?» Prosesa yake ilikuwa Ryzen 5 ya AMD, ya soketi (kiti cha prosesa) AM4. Mazabodi ilikuwa ya Intel, soketi LGA1700. Haviingiani kabisa. Alikuwa amekwisha kulipa, na duka lilikataa kumrudishia dola zake.

Mazabodi, au carte mère kama wengi tunavyoiita hapa, ni ubao unaobeba vifaa vyote vya kompyuta; haiongezi sana kasi ya gemu. Hiyo ni kazi ya prosesa na kadi ya picha. Yenyewe inaamua vifaa gani vitakaa pamoja, na vitadumu vipi na umeme wetu.

Hatua ya 1: andika ulichonacho. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ufungue sehemu ya utendaji. Andika jina la prosesa lote, herufi za mwisho pia, kisha kiasi cha RAM (kumbukumbu ya kazi) na aina yake, DDR4 au DDR5; aina isipoonekana hapo, isome kwenye RAM yenyewe. Halafu pima ndani ya kasha. Mazabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, micro-ATX 244 kwa 244. Kama kompyuta yako ni ile ya ofisi ya Dell au HP iliyouzwa mitumba, angalia kwa makini: nyingi zina plagi za umeme na matundu ya skrubu ya aina yao peke yao. Hapo hesabu pia kasha jipya na pawasaplai mpya.

Hatua ya 2: soketi. AM4 inabeba Ryzen za mfululizo wa 1000 hadi 5000. AM5, iliyotoka 2022, inataka RAM ya DDR5 tu. LGA1700 ni ya Intel kizazi cha 12, 13 na 14. Kuna mazabodi zake za DDR4 na za DDR5, kwa hiyo soma karatasi ya boksi mpaka mwisho.

Mimi nasema hivi: ukiwa tayari na GB 16 za DDR4 na Ryzen ya zamani, baki AM4. Nunua mazabodi ya B550, ila kwanza hakikisha inaikubali prosesa yako, maana rasmi haizikubali Ryzen za 1000 na 2000; na siku pesa ikipatikana weka Ryzen 5 5600 au Ryzen 7 5800X3D. Anayeanza bila kitu aende AM5, maana AMD imetangaza kuendelea nayo hadi 2027 na zaidi.

Hatua ya 3: chipseti, yaani chipu inayoamua uwezo wa mazabodi; A520 na B550 ni majina yake. A520 inawasha kompyuta vizuri, lakini njia yake ya kadi ya picha ni PCIe 3.0, ya B550 ni 4.0, ukiwa na prosesa inayoikubali. Kwa kadi nyingi tofauti ni ndogo. Ila kadi ya Radeon RX 6500 XT inatumia mistari minne tu ya PCIe, na kwenye 3.0 inapungua nguvu waziwazi.

Hatua ya 4: tazama kando ya soketi. Hapo ndipo umeme wa prosesa unaposawazishwa. Nataka kuona vipande vizito vya aluminiamu vimefunika sehemu hiyo, si plastiki ya mapambo. Kuanzia mwezi wa tano vumbi letu jekundu linaingia kila tundu, feni zinapumua kwa shida, na joto linaishia pale pale. Kati ya taa na aluminiamu, lipia aluminiamu.

Hatua ya 5: baiosi, programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta. Mazabodi ya B450 iliyokaa dukani miaka mingi huenda isiitambue Ryzen 5000 mpaka baiosi isasishwe. Tafuta yenye kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa. Na usianze kazi hiyo bila onduleur (UPS) yenye betri nzima. Mimi nilipoteza mazabodi mwezi wa kwanza, mvua ikipiga radi: umeme ulikatika kazi ikiwa katikati, na haikuwaka tena.

Hatua ya 6: ikague mezani kabla ya kulipa. Kwa soketi za Intel na AM5 pini ziko kwenye mazabodi. Ondoa kifuniko cha plastiki, washa tochi ya simu, uilaze pembeni. Pini nzima zinang'aa kwa mistari iliyonyooka, kama shamba la mahindi ukilitazama kutoka mwanzo wa mistari. Ukiona doa jeusi, au pini moja inayong'aa peke yake, imepinda, iache. Kwa AM4 pini ziko chini ya prosesa, igeuze uone. Kisha omba wakuwashie juu ya boksi, na prosesa, feni yake, RAM moja, na kadi ya picha kama prosesa haina picha yake, mpaka ukurasa wa baiosi uonekane. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

Ukifika nyumbani, RAM mbili ziweke kwenye sloti ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, kama sloti ni nne. Usisahau plagi ya umeme ya prosesa, ile ya pini nane pale juu. Kebo ya skrini ichomeke kwenye kadi ya picha: Ryzen 5 5600 haina picha yake yenyewe, na HDMI ya mazabodi itakuonyesha giza tu.