Soketi inasoma volti 217 au 246 wakati rasmi ni 230? Jinsi ya kupima na kujua shida iko wapi

Kwanza usitegemee kuona 230 kamili kwenye multimita (kile kifaa cha kupimia umeme), ikitokea imetokea tu. 230 ni jina la mfumo, kinachohesabika ni kiasi kinachoruhusiwa juu na chini yake. Chukua Uingereza, zamani walikuwa 240 na nchi nyingi za bara la Ulaya 220, wakakubaliana wote waite 230, na mwaka 1995 Uingereza ikaanza rasmi 230 yenye ruhusa ya asilimia 10 juu na 6 chini, yaani 216 mpaka 253. Ukiangalia hapo 240 ya zamani bado iko ndani, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kubadili transfoma, ndo maana nyumba nyingi kule mpaka leo zinasoma kwenye 240 na ushee. Marekani ni 120 na kawaida inacheza 114 hadi 126. Kwa hiyo tafuta kwanza nchi yako inaruhusu kiasi gani, sehemu nyingi za 230 ni asilimia 10 kila upande, 207 hadi 253, alafu ndo upime.

Kupima: weka multimita kwenye volti za AC, renji ya 600 au 750, waya mweusi kwenye COM na mwekundu kwenye tundu la V. Hapa tafadhali hakikisha mara mbili, maana ukiuacha mwekundu kwenye tundu la 10A ukachomeka kwenye soketi umeshotisha kabisa, multimita ya bei ya chini inaweza kukulipukia mkononi. Nyaya zake ziwe nzima, vidole visishike chuma. Multimita nyingi zinakosea volti 2 au 3 kwa umeme wa kiwango hiki, so usibishane na mtu kwa sababu ya volti moja.

Pima asubuhi, mchana, jioni watu wakiwa wanapika na usiku wa manane, na uandike. Ukipima mara moja hujajua kitu. Umeme ukipita kwenye waya lazima volti kadhaa zipotee njiani, na kadri watu wanavyovuta umeme mwingi ndo zinapotea zaidi, kwa hiyo jioni inashuka na usiku inapanda. Wanaoseti transfoma wanalijua hilo, wanaiweka juu kidogo ili nyumba ya mwisho wa laini isipate umeme mdogo, matokeo yake aliye jirani na transfoma anasoma 245 na wa mwisho 215 na wote wako sawa. Siku hizi kuna na sola za kwenye mapaa zinazorudisha umeme kwenye laini, mtaa wenye sola nyingi utakuta volti inapanda mchana jua likiwa kali.

Sasa kipimo ambacho mi naona ndo cha maana kuliko vyote. Soma volti bila mzigo, alafu washa birika la umeme la wati 2000 kwenye soketi ya jirani yake na usome tena. Ikishuka volti 4 au 5 ni kawaida. Ikishuka 15, hizo volti 15 hazijapotea hewani, birika linavuta kama ampea 8 na nusu, kwa hiyo kuna zaidi ya wati 100 zinageuka joto mahali fulani kwenye nyaya, za ndani au za nje, na kama zote zimejikusanya kwenye skrubu moja iliyolegea nyuma ya soketi hiyo ni moto unaosubiri. Mwambie fundi apime hivyohivyo kwenye meni swichi: ikiwa pale haitingishiki ila soketi inashuka, tatizo ni waya wa ndani ya nyumba, ikiwa na pale inashuka vilevile, ni laini ya nje, hiyo ni kazi ya kampuni ya umeme, wape ile karatasi yenye saa na volti watakuelewa haraka kuliko ukisema tu umeme mbaya.

Ila kuna dalili moja ambayo hutakiwi hata kumalizia kupima: ukiwasha kitu kikubwa taa zingine zinaongezeka mwanga badala ya kufifia, au volti inaruka hadi 280 na zaidi. Hiyo mara nyingi ni nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imelegea au imekatika. Kwenye mfumo wa fezi tatu (nyaya tatu za moto), kati ya fezi na fezi kuna volti 400, nyutro ikiondoka nyumba zinagawana hizo 400 bila usawa, mmoja taa zinafifia mwenzake vitu vinaungua. Zima meni swichi na upige simu ya dharura saa hiyohiyo.

Kuhusu stebilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, kwa hita na pasi sioni haja, kwenye 207 nguvu inapungua kama asilimia 19 tu, maji yatachemka taratibu. Friji na pampu ndo za kuangalia, mota ikikosa volti inavuta ampea nyingi zaidi na inachemka, kwa hiyo kama usomaji wako unashuka chini ya 200 mara kwa mara, zikingie hizo kwanza, na uchague stebilaiza yenye kuchelewesha kuwasha dakika chache ili kompresa isilazimishwe kuanza ikiwa bado na presha.